Macho mawili pangoni: wadau wa Unguja na Pemba, nyinyi mmekutana na nini humo ndani?

#1 MtotoWaMaweni
Asalaam aleykum wadau. Naomba mawazo yenu, maana tangu Jumamosi silali vizuri.

Kwetu ni kusini Unguja, upande wa uwanda, mawe na vichaka tu. Jumamosi baada ya alasiri mbuzi wetu mmoja hakurudi, jike mwenye mtoto. Nikamfuata mpaka kwenye pango ambalo tangu udogo tulikatazwa kuingia. Si pango kubwa. Mdomoni unaingia kwa kuinama, halafu panafunguka ukumbi kiasi cha chumba cha kulala. Juu kuna tundu linaloingiza mwanga, na kushoto kuna njia inayoteremka mpaka kwenye maji.

Nikasimama chini ya tundu nikaita mbuzi. Kimya. Popo wakaruka, wakatulia. Nikawasha tochi ya simu nikaielekeza kule kwenye njia ya maji, nikaona macho mawili. Yako chini, kimo cha goti langu, rangi ya kijani inayokaribia manjano, na hayapepesi. Halafu ikaja sauti: khrrr, khrrr, khrrr, kama fundi anapasua ubao kwa msumeno, anavuta na kusukuma. Mara nne au tano. Nikarudi kinyumenyume mpaka nikaukuta mdomo wa pango kwa mgongo.

Nje, pembeni ya mwamba, kuna mifupa ambayo wakati wa kuingia sikuiona. Mingi mikavu, mmoja bado una nyama. Mbuzi jike alirudi mwenyewe magharibi. Mtoto wake hajaonekana mpaka leo.

Ni mnyama gani huyu? Na nyinyi mnaoingia mapangoni, mmekutana na nini?

#2 MlaPweza
Chui. Mada imekwisha.

#3 Kaskazi
MlaPweza usimtie kijana wa watu homa. Chui Unguja walishamalizwa zamani. Hiyo sauti ni pelele, yule mnyama mdogo wa jamii ya pimbi. Kule maweni pelele hawakai mitini tu, wanaingia kwenye nyufa za mawe na mapangoni. Ukimsikia usiku bila kumjua utahama nyumba. Anaanza kwa kukwaruza kama mlango uliokosa mafuta, anapanda, anapanda, mwisho anapiga kelele.

#4 MtotoWaMaweni
Kaskazi, pelele namjua, nimekua naye. Lakini pelele anakula majani. Mifupa je?

#5 AmiMakame
Mwanangu MtotoWaMaweni, waaleykum salaam. Mimi ni mtu mzima, nakwambia nilichokiona na nilichoambiwa, nawe upime.

Chui alikuwepo hapa, si hadithi. Nikiwa skuli tulipelekwa makumbusho ya Mnazi Mmoja, nikamwona chui wa Unguja aliyekaushwa. Nilisimama mbele yake mpaka mwalimu akanivuta mkono. Mdogo kuliko nilivyomdhania, na madoa yake madogo madogo yamesongamana. Wazungu walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1932, wakasema ni chui wa aina yake asiyepatikana kwengine.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 kulikuwa na msako mkubwa. Watu walisaka wachawi na chui kwa pamoja, kwa sababu wazee wetu waliamini kuna chui wa mwituni na kuna chui wa kufugwa. Wa kufugwa ana mwenyewe, anatumwa, na mchana anafichwa. Anafichwa wapi? Mapangoni. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliokwenda na mbwa na mikuki. Aliniambia mbwa wakifika mdomo wa pango lenye chui hawabweki. Wanakaa chini.

Sasa nikuulize, ulikuwa na mbwa?

#6 MtotoWaMaweni
Sikuwa na mbwa, Ami. Lakini mbuzi wengine walikataa kupita ile njia. Nilidhani ni ubishi wao wa siku zote.

#7 TembezaWageni
Uzi mzuri. Mimi naongoza wageni mapangoni huu mwaka wa kumi na moja, Mangapwani, Kiwengwa, na yale ya kusini ninapopata kundi linaloweza kutembea.

Kwanza ondoeni chui vichwani. Kinachonitisha mimi pangoni ni nyuki. Siku moja niliingiza wageni wanne kwenye pango nililolizoea, sikutazama juu. Nyuki walikuwa wamejenga kwenye ufa wa mlangoni tangu safari yangu ya nyuma, na mgeni mmoja amejipulizia manukato mazito. Tulitoka mbio, mimi nina miiba ishirini na kitu shingoni, na yule mama uso umevimba hata macho hayaonekani. Alhamdulillahi alipona. Tangu siku ile nasimama mdomoni dakika tano nasikiliza kwanza ndipo niingie.

Pili ni yule mdudu bapa wa ukutani. Kama buibui lakini amelala kama karatasi, miguu ya mbele mirefu myembamba anapapasia nayo. Wageni wanapiga mayowe.

#8 MlaPweza
Huyo ni nge wa pangoni, sumu yake mbaya.

#9 TembezaWageni
Siyo kaka. Hana mkia wa nge na hana sumu. Anakula mende na nyenje. Nimemweka kwenye kiganja mara nyingi kuwaonesha wageni, anapapasa vidole vyako taratibu kama kipofu anayesoma sura ya mtu. Ukimkuta muache, usimkanyage.

#10 BintiWete
Hamjambo. Nyinyi Waunguja na chui wenu. Pemba hatuna, wala hatujapata kuwa naye. Lakini mapango tunayo, na ya kisiwani Misali nimelala mdomoni mwake.

Nlikuwa na miaka kumi na mbili, baba alitupeleka dago, kambi ya wavuvi. Jioni mvua ikatukamata, tukaingia chini ya mwamba penye kinywa cha pango. Usiku nikasikia sufuria inaburutwa. Krrr, inasimama. Krrr, inasimama. Nikamwamsha baba, akanambia lala, ni mwenyewe wa kisiwa. Mie nikajua jini. Asubuhi sufuria iko hatua kama thelathini, ndani ya ufa, na ndani yake amekaa kaa wa nazi, mweusi wa kibuluu, miguu imejaa sufuria mpaka imemwagika nje. Wali wetu wote umekwisha.

MtotoWaMaweni, yule kaa akikwaruza juu ya mwamba anafanya sauti ya msumeno hasa.

#11 Kaskazi
Kaa mwenye macho ya kijani kimo cha goti?

#12 BintiWete
Akipanda juu ya jiwe anafika hata kifuani yakhe. Usicheke, wewe hujamwona. Miguu akiitandaza inakaribia mita moja, na nazi anaifungua.

#13 Kaskazi
Sikucheki dada, nakubali ni mkubwa. Ila kule kwa MtotoWaMaweni ni mbali na pwani, na kaa wa nazi siku hizi anatajwa visiwani zaidi, kama Chumbe na huko kwenu Misali. Halafu wali mlikuwa mmeufunika?

#14 BintiWete
Ulifunikwa na jiwe juu. Alilitoa.

#15 BwanaMifugo
Nafanya kazi ya mifugo, nimeitwa mara nyingi kuangalia mbuzi na kuku walioliwa. Naomba tuende taratibu.

Macho kung'aa: wanyama wengi wanaotembea usiku wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga. Komba anang'aa nyekundu ya moto, kama kaa la mkaa. Paka na jamaa zake mara nyingi kijani au manjano. Lakini rangi inabadilika kwa pembe ya tochi, kwa hiyo mtu asiape kwa rangi peke yake. Muhimu zaidi ni nafasi baina ya jicho na jicho. MtotoWaMaweni, ilikuwa kiasi gani?

Mifupa: fungo, ngawa na paka shume wote wanaweza kula kitoto cha mbuzi kilichozaliwa karibuni au kilichokufa. Mbwa koko ndio wakuu wa kazi hiyo, ila mbwa hatoi sauti ya msumeno, angekubwekea.

Na kuna mmoja hakutajwa: uchui.

#16 MlaPweza
Si nilisema chui.

#17 BwanaMifugo
UCHUI, siyo chui. Mnyama mdogo wa jamii ya kanu, mwenye madoa na mkia mrefu wenye pete. Wataalamu wamemjua hapa Unguja miaka ya 1990 tu, na alipigwa picha akiwa hai kwa kamera ya mtego msituni Jozani mwaka 2003. Wanakijiji walikuwa na jina lake siku zote. Ukimwona usiku, madoa yale, kwa sekunde mbili, utaapa ni mtoto wa chui. Naamini nusu ya chui wanaoonekana Unguja ni huyu.

#18 MtotoWaMaweni
Nafasi ya macho... nikikumbuka, vidole vitatu hivi. Labda vinne. Nilikuwa naogopa, siwezi kukudanganya.

#19 AmiMakame
BwanaMifugo, nakuheshimu kwa elimu yako. Lakini uchui anapasua ubao? Sauti ya msumeno ndiyo sauti ya chui, baba yangu aliniambia kabla mimi na wewe hatujajua kamera ni nini.

#20 BwanaMifugo
Hapo Ami umenibana. Chui kweli anakoroma hivyo, sauti ya msumeno inayokwenda na kurudi. Uchui sijapata kusikia akifanya hivyo.

#21 Mwanafunzi_Chukwani
Jamani na makinda ya bundi mmeyasahau. Bundi mweupe anazaa mapangoni na kwenye magofu. Makinda yake hayalii kama bundi, yanakoroma na kufoka: khhhrrr, khhhrrr, kwa zamu, hasa yakihisi mama amekuja na chakula. Nyumbani kwetu walizaa kwenye dari ya nyumba bovu ya jirani, watu wakaita mpaka msomaji wa kisomo. Siku nilipopanda na ngazi nikakuta vitu vitatu vyeupe vyenye sura ya moyo vinanifokea.

Na pembeni mwa kiota hukosi mifupa.

#22 BwanaMifugo
Makinda ya bundi yanaingia akilini kwa sauti. Kwa mifupa hapana, bundi anatema mifupa ya panya na ndege wadogo. MtotoWaMaweni ameona mfupa wenye nyama.

#23 Mwanafunzi_Chukwani
Sauti ya mmoja na mifupa ya mwengine. Pango ni kama nyumba ya kupanga, chumba hiki hakimjui wa chumba kile.

#24 Historia_ni_Mwalimu
Kwa wanaopenda mapango, hamjataja Kuumbi, kule karibu na Jambiani. Mwanaakiolojia Profesa Felix Chami alichimba pale mwaka 2005, na timu nyengine ikaja baadaye. Walikuta watu wameishi humo tangu kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, wakati Unguja bado imeshikana na bara. Na katika mabaki ya chakula chao kuna mifupa ya punda milia na nyati. Punda milia, Jambiani! Bahari ilipopanda, miaka kama elfu kumi iliyopita, tukawa kisiwa na wanyama wale wakubwa wakaisha kidogo kidogo. Na walikuwa na kuku wa kufuga tangu maelfu ya miaka.

#25 Kaskazi
Ya kuku rekebisha. Ni kweli Profesa Chami alisema hivyo, lakini waliochimba baada yake hawakukubaliana naye kuhusu kuku na mifugo ya zama hizo za kale. Ya punda milia na nyati sina ubishi.

#26 Historia_ni_Mwalimu
Ahsante, nimekubali. Ila hapo ndipo BintiWete anapata jibu lake. Pemba ina mkondo mrefu kwenda chini baina yake na bara, mamia ya mita, na ilitengana zamani sana kuliko Unguja. Ndiyo maana chui hakufika kwenu.

#27 BintiWete
Na ndiyo maana popo wetu hayupo popote duniani ila Pemba. Kila mtu na chake.

#28 MlaPweza
Popo wenu si ndiye yule jini popobawa 😂

#29 BintiWete
Astaghfirullah. Popo wa Pemba analala mitini, nenda Kidike ukamtazame, mkubwa, manyoya ya dhahabu, anakula matunda yake na hamgusi mtu. Hiyo hofu ya mwaka 1995 iliwakesha watu nje na Unguja pia, usitusingizie sisi peke yetu.

#30 TembezaWageni
Ni kweli, popo wa Pemba si wa pangoni. Wa pangoni ni wengine. Kuna wale wadogo wala wadudu, na kuna wale wa matunda wenye sura ya mbwa mdogo. Hawa wa matunda ukikaa kimya unasikia wanagonga ulimi, tk tk, tk tk, wanasikiliza mwangwi ili wasijipige ukutani. Ukitaka kujua pango lina wao, tazama chini: makungu yametafunwa nyama ya juu, kokwa zimelala tele. Mengine yameshaota, vijimche vyeupe vinatafuta jua kwa ile tundu ya juu na havilifikii. Kila nikipita naviangalia.

#31 NesiMkoani
Samahani kuingilia, lakini nikiwa mtu wa afya siwezi kunyamaza. Naona watu mnaongelea popo na kokwa kama mnaongelea bustani.

Hao popo wa matunda wa mapangoni, kwengine Afrika Mashariki, ndio wanaobeba virusi vya Marburg, homa kali inayoweza kuua. Kenya, pango la Kitum katika Mlima Elgon, waliougua mwaka 1980 na mwaka 1987 walikuwa wamepita humo. Kagera kulikuwa na mlipuko Machi 2023, na Januari 2025 ukarudi Biharamulo. Sijasema popo wa Unguja wana maradhi hayo. Nasema usimshike popo, usile tunda aliloliuma, na ukitoka pangoni osha mikono kabla ya kula.

Pia vumbi la mavi ya popo. Humo hukua ukungu ambao ukiuvuta unaingia mapafuni, unapata homa, kikohozi na maumivu ya kifua siku kadhaa baadaye, na watu wanatibiwa malaria bure. Vaa barakoa. MtotoWaMaweni umekohoa?

#32 MtotoWaMaweni
Sijakohoa dada, ahsante. Nitavaa barakoa.

#33 Kaskazi
"Nitavaa"? Kwani unarudi?

#34 Baharia_Mstaafu
Kitum nimefika, nilipokuwa nafanya kazi Mombasa tulitembezwa. NesiMkoani umesahau wenyewe wa pango lile: tembo. Wanaingia usiku ndani kabisa, gizani, wanachimba ukuta kwa pembe walambe chumvi. Nimeona mistari ya pembe ukutani kwa macho yangu, juu ya kichwa changu. Kwa hiyo mtu akinambia chui haingii pango la Unguja, mimi simwelewi.

#35 Kaskazi
Hakuna aliyesema haingii. Tunasema hayupo.

#36 AmiMakame
Mwaka 2018 wageni wa televisheni waliweka kamera zao wakasema wamempata.

#37 BwanaMifugo
Walisema Ami, ila watafiti wanaomfuatilia chui wa Unguja kwa miaka mingi walitaka ushahidi zaidi ya ile picha. Mimi mwenyewe ningefurahi kuliko mtu yeyote humu akipatikana. Nimezunguka na wafugaji kusini miaka mingi nikiuliza, na kila kijiji kuna mtu mmoja mkweli, asiyevuta wala kunywa, aliyemwona. Siwezi kuwaita waongo. Ila siwezi kuandika kwenye ripoti kwamba yupo.

MtotoWaMaweni, kama utarudi, usiende peke yako na usiende usiku. Chukua majivu ya jikoni, yachekeche, uyatandaze mdomoni mwa pango upana wa mkeka. Rudi asubuhi. Chui na paka: vidole vinne, kucha hazionekani. Fungo na ngawa: vidole vitano, ingawa cha tano mara nyingi hakiachi alama, na kucha zinaonekana. Mbwa: vinne na kucha. Weka kibiriti pembeni ya alama, piga picha kutoka juu.

#38 BiTatu_Makunduchi
Wanangu mmeongea yote, hamkuuliza kwa nini lile pango lilikatazwa. Kwetu pango la namna hiyo lina wenyewe. Watu wanapeleka ubani na mawardi, wanafunga kitambaa, wanasema shida zao. Mwenye pango hujitokeza kwa sura ya mnyama, mara chatu, mara paka mkubwa, na hamdhuru aliyeingia kwa adabu. Mwanangu ulipiga hodi?

#39 MtotoWaMaweni
Sikupiga hodi bibi. Niliingia nikiita mbuzi.

#40 BiTatu_Makunduchi
Basi alikuonya tu, angetaka angekufuata. Ukirudi piga hodi. Huna cha kupoteza.

#41 TembezaWageni
Bi Tatu naunga mkono. Mimi napiga hodi kwenye kila pango, na kuna faida nyengine: kama kuna nyoka au nyuki, sauti inawatangulia. Chatu nimekutana naye mara moja, amejikunja kwenye ukingo pale popo wanapopitia jioni, kichwa kimetulia, anasubiri. Nilisema hodi, akateremka ufa mwengine mzima, urefu wake haukwishi. Sikuingia.

#42 MlaPweza
Uzi huu nausoma mchana tu.

#43 MtotoWaMaweni
Wadau, nimerudi. Jana alasiri tulikwenda na ami yangu na binamu, tukapiga hodi, tukatandaza majivu. Leo baada ya alfajiri tukaenda.

Picha inakataa kupanda, mtandao wa huku mnaujua, nitaeleza. Majivu yamevurugwa katikati, kama kitu kimeburutwa kuingia ndani, upana wa kiganja. Pembeni zimebaki alama mbili nzuri. Vidole vinne vya mviringo, kisigino kipana, kucha hakuna. Niliweka kibiriti: alama imekizidi urefu kidogo sana, kama unene wa ukucha. Na nje ya majivu, juu ya udongo, kuna alama nyengine ndogo za vidole vitano.

Ndani tulisimama chini ya tundu. Hatukusikia msumeno. Binamu alinusa harufu kali kama ya wali wa basmati umeungua kidogo. Mimi nilinusa mavi ya popo tu.

#44 BwanaMifugo
Kibiriti ni sentimita tano na kitu. Paka shume wa kawaida hafiki hapo. Chui mzima anapita, hata chui mdogo wa hapa kwetu. Majivu laini yanatanua alama, lakini si kwa kiasi hicho... Sijui niseme nini. Paka dume mkubwa mno, au chui mdogo. Alama za vidole vitano huenda ni fungo au ngawa.

#45 AmiMakame
Na kilichoburutwa?

#46 BintiWete
Kaa wa nazi anaburuta.

#47 Kaskazi
Dada yangu Wallahi hukati tamaa. Kaa ana vidole vinne?

#48 BintiWete
Sikusema alama ni zake. Nimesema kuburuta. Mwanafunzi kesha sema, nyumba ya kupanga.

#49 Mwanafunzi_Chukwani
Ile harufu ya wali, nimesoma chui mkojo wake watu wanaufananisha na harufu ya nafaka iliyopikwa, bisi za mahindi hasa. Komba naye ananuka vibaya lakini si hivyo.

#50 NesiMkoani
Mlivaa barakoa?

#51 MtotoWaMaweni
Mimi na ami tulivaa. Binamu aliitoa, ndiyo akanusa.

#52 AmiMakame
Mwanangu, nina mbwa wawili wa shamba. Jumatano ijayo nakuja na gari la asubuhi, nitashukia njia panda. Hatutaingia ndani. Nataka tu kuwaona wakifika mdomoni mwa pango, kama watabweka au watakaa chini.

#53 BwanaMifugo
Ami nipitie nyumbani, tunakwenda pamoja. Naleta majivu mengine.